Kobe wangu anatoa kitu cheupe kama chokaa: nimchome sindano ya minyoo?

Barua

Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Nina kobe mmoja dume, wa ile aina yenye madoa ya manjano na meusi kama chui. Kibali chake cha KWS (shirika la serikali la wanyamapori Kenya) ninacho. Gamba lake nikilipima kwa utepe wa fundi cherehani ni sentimita 35, na juzi nilimweka kwenye mizani ya muuza viazi akawa kilo 6.8.

Anashinda ndani ya ua wa kuku, pamoja na kuku wangu 40 wa mayai. Hapo ana kivuli na haibiwi. Anakula nyasi kidogo, lakini apendacho hasa ni chakula cha kuku. Nikimwaga leyazi asubuhi, yeye ndiye wa kwanza kufika, kobe huyo huyo wanayemsema kwa uzito! Jioni humpa makombo ya ugali, majani ya kunde, na omena wakibaki. Maji yapo muda wote kwenye vyombo vya kuku. Nimevipandisha juu ya matofali mawili ili kuku wasivichafue wanapopekua.

Tangu Desemba, kiangazi kilipoanza, nimeona anatoa kitu cheupe. Mwanzoni kilikuwa kama uji mzito. Sasa hivi kinatoka kimekauka, ukikigusa kina chembechembe kama sukari, na wiki jana ndani yake kulikuwa na donge gumu la ukubwa wa punje ya maharagwe. Siku moja kilikuwa na rangi ya waridi nikashtuka nikidhani ni damu, ingawa jana yake alikuwa amekula matunda ya mpungate yaliyoanguka kando ya ua. Kinyesi chenyewe ni laini na kinanuka.

Jirani anasema ni maji ya kisima, maana haya maji yetu ya Nakuru ndiyo yanayotia watoto meno ya kahawia, kwa hiyo kobe anatoa chokaa ya maji. Mjukuu wangu anasema ni yai limepasukia tumboni. Muuzaji wa agroveti yeye aliniambia ni minyoo, akaniuzia sindano ya aivamektini, ile ya mbuzi, nimchome mililita moja. Sijamchoma bado. Nimchome? Na hicho cheupe ni kitu gani?

Mwalimu Mstaafu, Lanet

Jibu

Mwalimu, kabla ya lolote lingine: hiyo sindano usimchome. Ifungie kabatini pamoja na dawa za mbuzi.

Aivamektini ni dawa nzuri kwa mbuzi, ng'ombe na kondoo. Kwa kobe na kasa wa kila aina ni sumu, na jambo hili madaktari wa wanyama wamelijua tangu miaka ya 1980. Kwa mbuzi dawa hii huzuiwa isiingie ubongoni. Kwa kobe hupenya, ikalegeza misuli ya miguu na shingo, kisha misuli ya kuvuta pumzi. Kobe wa namna hiyo huonekana kana kwamba amelala tu, na ikishaingia mwilini hakuna dawa ya kuitoa. Muuzaji hakukusudia ubaya. Ameuza dawa anayoiuza kila siku kwa wenye mbuzi. Ila kobe hayumo kwenye karatasi ya maelezo ya dawa hiyo, na kukadiria kwa uzito wa mbuzi hakusaidii kitu.

Sasa tuje kwenye hicho cheupe. Nenda bandani uokote kinyesi kimoja cha kuku kilichotoka sasa hivi. Utaona sehemu ya kijani au kahawia, na juu yake kofia nyeupe. Au tazama chini ya taa ya ukumbini anaposhinda mjusi: vipande vyeusi, kila kimoja na ncha nyeupe. Ile kofia ya kuku, ile ncha ya mjusi na huo uji wa kobe wako ni kitu kimoja. Ni takataka ya protini, imetengenezwa kwenye ini, ikachujwa na figo, ikatoka kama asidi ya uriki na chumvi zake. Wataalamu huiita yureti. Sisi watu, pamoja na ng'ombe na mbwa, takataka hiyo hiyo tunaitoa ikiwa yurea, imeyeyuka ndani ya mkojo, na kwa kazi hiyo tunapoteza maji mengi. Mnyama wa nchi kavu asiyejua mvua ijayo ni lini hawezi kumwaga maji hivyo. Asidi ya uriki haiyeyuki kwa urahisi, kwa hiyo anaweza kuisukuma nje ikiwa uji na maji akabaki nayo.

Kwa hiyo cheupe peke yake si ugonjwa. Kobe ambaye kamwe hatoi cheupe ndiye wa kutiliwa shaka. Wala si yai, mwambie mjukuu, maana dume hatagi; ila asikatishwe tamaa, kwa sababu mkojo, kinyesi, yureti na mayai ya jike vyote hupitia tundu moja chini ya mkia, na hata watu wazima huchanganya.

Jirani naye ana nusu ya ukweli. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na meno ya kahawia yanatoka huko kweli. Lakini floridi haigeuki kuwa uji mweupe ndani ya kobe. Ukitaka kumridhisha, fanya hivi mbele yake: weka kipande kikavu cha hicho cheupe kwenye kisosi cheusi, umimine kijiko kimoja cha siki. Kando yake weka kipande cha ganda la yai, nacho ukimiminie siki. Ganda la yai litatoa povu, kwa sababu ni chokaa. Yureti itakaa kimya. Ikitoa vipovu viwili vitatu usishangae, kwani leyazi ina chokaa iliyosagwa kwa ajili ya maganda ya mayai, na nyingine hupita tumboni vilevile ilivyoingia.

Kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako ni zile chembechembe na lile donge. Rangi mtu huiona kwanza, lakini hali ya kobe husomwa kwa vidole. Vaa glavu au mfuko wa plastiki, chukua kiasi kidogo, kisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiteleza kama dawa ya meno au mtindi, maji mwilini yanatosha. Ikiwa nzito kama unga wa chapati uliokandwa lakini bado laini, ana kiu kidogo. Ikikwaruza kama mchanga au sukari, amekosa maji kwa muda mrefu. Donge gumu lisilovunjika kwa kidole ni hatua inayofuata, na mbele ya hapo kuna jiwe la kibofu.

Jinsi inavyofika huko ni hivi. Figo za kobe haziwezi kukaza mkojo ukawa mzito kuliko damu, kama zako zinavyoweza. Badala yake, mkojo hukaa kibofuni, na kibofu cha kobe ni kikubwa, ni tangi lake la akiba. Kiangazi kikibana, mwili huvuta maji kutoka kwenye tangi hilo kuyarudisha kwenye damu. Maji yanarudi, yureti inabaki. Wiki baada ya wiki inatuama kama mashapo ya chai chini ya birika, inakuwa chembe, chembe zinashikana, mwishowe jiwe linaloongezeka tabaka kwa tabaka. Nimeona picha za eksirei za mawe ya kobe yaliyo makubwa kama limau. Jiwe la namna hiyo halitoki kwa maji. Hutolewa kwa upasuaji, tena mara nyingi kwa kukata gamba la chini.

Ndiyo maana pia kobe wa porini haokotwi ovyo. Akishtuka humwaga tangi lote mikononi mwako, na kama mvua iko mbali, umemmwagisha maji yake ya mwezi mzima.

Kobe wako hana kiu kwa sababu ya kiangazi tu, Mwalimu. Ana kiu akiwa mita moja kutoka kwenye maji. Kobe hanywi kama kuku. Hawezi kuinua kichwa akameza matone, wala hawezi kupanda matofali mawili. Huinamisha kichwa, akazamisha mdomo na pua, wakati mwingine mpaka macho, akavuta maji polepole kwa dakika kadhaa. Chombo chake kiwe kimelala chini: sinia pana au kifuniko cha pipa, ukichimbie ardhini mpaka ukingo ulingane na udongo. Kina cha maji kiwe sentimita 3 hadi 5. Kikizidi, anaweza kupinduka humo akashindwa kujigeuza. Kikae nje ya ua wa kuku, kubadilishwa maji na kusuguliwa kila asubuhi, kwa sababu kobe wengi hujisaidia ndani ya maji wanayokunywa.

Halafu leyazi. Chakula cha kuku wa mayai kina protini karibu asilimia 16 hadi 18, na huwa kimetiwa samaki au soya. Ongeza kunde, ongeza omena, na huyo kobe analishwa kama mchezaji wa raga. Nyasi alizoumbiwa ni chakula kikavu chenye nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo. Kila gramu ya protini inayozidi mahitaji yake inaongeza asidi ya uriki. Kwa hiyo umemjazia takataka upande mmoja, na upande wa pili umemnyima maji ya kuisafirisha. Asidi hiyo ikizidi kwenye damu huanza kutuama kwenye viungo na kwenye figo zenyewe. Hiyo ni gauti, ile ile inayowapata wazee wetu kwenye kidole gumba cha mguu. Kobe mwenye gauti huvimba magoti na vifundo, hutembea kama anayekanyaga miiba, kisha huacha kula.

Hatua ya kwanza ni kumwogesha, na hapa niwe mrefu kidogo kwa sababu ndipo watu wanapokosea.

Tafuta karai la plastiki lisilopitisha mwanga, lenye kuta ndefu kuliko yeye. Linalopitisha mwanga linamfanya aone nje, akakwaruza kuta nusu saa nzima bila kunywa. Mimina majagi matano ya maji ya baridi kwanza, kisha jagi moja la maji yaliyochemka, koroga. Hapo Nakuru, ambapo maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100 kwa sababu ya mwinuko, mchanganyiko huo hukupa takriban nyuzi 32. Tumbukiza kiwiko chako: uhisi uvuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, si zaidi. Maji yafike pale gamba la juu linapokutana na la chini, na akinyoosha shingo pua iwe juu ya maji bila kujitahidi. Yakipungua, tengeneza mengine kwa kipimo hicho hicho.

Mweke humo dakika 25 hadi 30, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Maji yakianza kupoa, mtoe kwanza, ongeza ya moto, koroga, umrudishe. Usimwagie maji ya moto akiwa ndani. Usitie chumvi, sabuni wala soda. Usimfungue mdomo ukamnywesha kwa sindano au kijiko, maana maji yakiingia mapafuni umeanzisha ugonjwa mwingine. Akimaliza, mfute kwa kitambaa kikuukuu, hasa kwenye mikunjo ya miguu, umwache juani penye kivuli karibu.

Kobe wengi hujisaidia ndani ya dakika kumi za kwanza. Hapo ndipo kazi yako ya kuchunguza ilipo. Ukimtoa, yaache maji yatulie dakika kumi, mwaga ya juu taratibu, yale ya chini yapitishe kwenye chujio la chai ambalo halitarudi jikoni tena. Tandaza kilichobaki kwenye sahani nyeusi. Utaona kama ni wingu laini au mchanga, na kama mchanga unapungua siku hadi siku.

Kwa kobe wako fanya hivyo kila siku kwa siku 10. Siku tatu nne za mwanzo huenda chembe zikaongezeka. Usiogope, ni uchafu wa zamani unaosombwa. Kuanzia siku ya tano au ya sita nategemea uji uanze kulainika. Baada ya siku 10, mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kiangazi, na mara moja mvua za Aprili zikishika. Vifaranga vya kobe, kwa wanaowafuga kwa kibali, huogeshwa kila siku, maana tangi lao ni dogo. Na usitarajie cheupe kila siku; mkubwa aliye mzima anaweza kukitoa mara moja au mbili kwa wiki tu.

Mpime kabla ya bafu, Jumatatu kwa Jumatatu, mizani ile ile. Akiwa na kiu kweli ataongeza gramu mia na zaidi papo hapo kwa kunywa, na hayo ni maji, hajanenepa. Akishuka chini ya kilo 6.2 amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hapo hungoji siku ya kumi.

Yote haya hayafanyi kazi kobe akiwa baridi. Damu yake haijipashi. Tumbo na figo zinafanya kazi vizuri mwili ukiwa na joto la nyuzi 28 hadi 32, na usiku wa Nakuru, mwezi wa saba hasa, hushuka mpaka 10 na chini ya hapo. Aina hii ya madoa hailali usingizi wa baridi kama kobe wa Ulaya. Akipoa sana hubaki macho, tumbo limesimama, chakula kinachachia ndani. Kibanda chake kiwe na sakafu iliyoinuliwa, nyasi kavu za kina cha kiganja, na mlango uelekee mashariki apate jua la kwanza.

Kuhusu chakula: mtoe kwenye ua wa kuku. Hakuna njia ya kati hapa, kwa sababu huwezi kumwaga leyazi ya kuku 40 ukamwomba kobe asiiguse. Zaidi ya robo tatu ya chakula chake iwe nyasi: kikuyu isiyopigwa dawa, na boma rodesi kavu iliyonyunyiziwa maji. Juu yake ongeza majani ya porini kama mchunga, majani ya mforosadi, maua ya haibiskasi, na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba, ambavyo vina maji mengi ndani. Sukuma wiki ni sawa mara moja moja. Spinachi na mchicha vipunguze viwe kidogo sana, kwa sababu vina okzaleti inayonyakua kalisi (kalsiamu) na kuongeza mzigo wa figo. Managu, hapana. Majani ya kunde na lusini, machache, kwa kuwa jamii ya mikunde hubeba protini. Ugali, mkate, maziwa, omena na chakula cha mbwa viishe leo. Atagoma. Kobe aliyezoea leyazi anaweza kususia nyasi siku nne au tano akikutazama kama mtoto aliyenyimwa soda; mradi anakunywa, anatembea na anaota jua, vumilia. Akipita siku saba bila kula chochote, hilo si kususia tena.

Kalisi bado anaihitaji. Chemsha maganda ya mayai dakika kumi, yakaushe, yasage, unyunyize nusu kijiko cha chai juu ya majani mara mbili kwa wiki. Maganda unayo ya kutosha.

Rangi sasa, kwa ufupi. Nyeupe au ya maziwa, sawa. Waridi siku moja baada ya tunda la mpungate au kiazi chekundu cha bitiruti, ni rangi ya chakula, na kwako naamini ndivyo ilivyokuwa. Waridi au nyekundu bila chakula cha namna hiyo, au michirizi ya damu, ni hatari. Kahawia mara nyingi imechanganyika na kinyesi tu. Inayonitisha kuliko zote ni kijani kinachorudi mara kwa mara, kwa kuwa huonyesha ini linalougua au kobe aliyekaa na njaa muda mrefu.

Kinyesi laini chenye harufu, kwa lishe uliyoitaja, ndicho ningekitarajia. Kinyesi cha kobe anayekula nyasi kinashika umbo, kina rangi ya kijani iliyokolea au kahawia, ukikivunja unaona nyuzi za nyasi, na hakinuki sana. Kikikauka kinafanana na cha farasi, kidogo. Mpe wiki tatu za nyasi kabla ya kukihukumu.

Je, minyoo? Inawezekana, na wala si ajabu. Kobe wengi hubeba minyoo midogo kama nyuzi tumboni bila madhara, ikiwa michache. Ile mirefu myeupe ya kuonekana kwa macho, au kuhara kusikoisha baada ya kubadilisha lishe, ndiyo ya kutibiwa. Lakini kwanza hesabu ya minyoo, kisha dawa. Okota kinyesi cha asubuhi kisichogusa udongo, kiasi cha karanga nne, weka kwenye kichupa safi chenye kifuniko, andika tarehe na saa, kiweke penye ubaridi bila kukigandisha, kifike maabara siku hiyo hiyo. Nakuru mna maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, na Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kinafundisha udaktari wa wanyama. Uliza huko ni nani mwenye uzoefu wa reptilia. Minyoo ikionekana kuwa mingi, daktari mara nyingi hutumia dawa ya jamii ya fenbendazoli kwa kipimo cha uzito wa kobe mwenyewe. Hata hiyo usimpe kwa kukadiria, na isitolewe kwa kobe aliyekauka maji kama huyu wako wa sasa. Vivyo hivyo jentamaisini, sindano nyingine ipatikanayo kila agroveti: huumiza figo, na figo zenye kiu huziumiza mara mbili. Daktari akilazimika kumchoma chochote, mwombe achome mguu wa mbele, kwa sababu damu ya miguu ya nyuma ya kobe inaweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka mwilini.

Usingoje hata siku moja ukiona haya: anakakamaa na kujikamua bila kutoa kitu, miguu ya nyuma inaburuta au imelegea (jiwe kubwa hubana mishipa ya fahamu), anatoa damu, macho yamezama, viungo vimevimba. Na madonge magumu yakiendelea baada ya zile siku 10, apigwe eksirei. Mawe mengi ya yureti huonekana humo waziwazi, kwa hiyo picha moja itatuondolea kubahatisha. Daktari awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Wanyama ya Kenya. Una haki ya kuuliza nambari yake.

Osha mikono kwa sabuni kila ukimgusa yeye au maji yake. Kobe mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, na ni kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, baada ya watoto kuugua. Karai liwe la kobe peke yake, maji yamwagwe chini ya mti na si kwenye sinki la jikoni, na mjukuu asimbusu hata kama amefurahi.

Kwa wasomaji wengine mtakaotamani kobe baada ya kusoma haya: kobe ni mnyamapori chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Kumfuga bila kibali cha KWS ni kosa, hata kama umemwokoa barabarani pale Gilgil. Akiwa barabarani, mvushe upande aliokuwa akielekea, ukimshika kwa usawa karibu na ardhi, kisha umwache aende zake.

Jambo la mwisho, Mwalimu, nikuepushe na simu ya usiku. Katikati ya bafu la uvuguvugu kobe dume anaweza kutoa chini ya mkia kitu kikubwa cheusi au cha zambarau, kilichopanuka mbele kama ua. Wengi hudhani utumbo umetoka. Ni uume wake, na kwa kawaida hurudi ndani baada ya dakika chache. Usikiguse wala kukirudisha kwa kidole. Kikikaa nje zaidi ya saa moja, au kikikauka na kubadilika rangi, kifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji, mweke kwenye boksi peke yake, mpeleke kwa daktari siku hiyo. Kuku wasikione kabla yako, maana watakidonoa.